Kinu cha Mama Suzanne

Mvumilivu hula mbovu. Hapa mjini Baraka tulisubiri lori la kampuni lije kununua chikichi zetu mpaka zikaoza, ndipo nikaanza kuunda mashini ya kukamua mawese. Ya kwanza ilivunjika, ya pili ikakwama. Kwa ya tatu nilitoboa kinu alichokuja nacho mama mkwe alipoolewa, nikapachika ndani yake parafujo ya mti ya kubana chikichi. Leo kimepasuka.

“Kinu changu!” Mama Suzanne alilia. “We Florentine, uko na kichwa kweli? Omba musamaha, kisha ukanyage chikichi na miguu sawa bamama wengine!”

Nilitazama mafuta mekundu yakichuruzika polepole kwenye ufa. Jinsi ninavyotamani kuyaona yakibubujika, pasiwe na mwanamke anayekanyaga!

“Mama, nitakuchongea kingine. Lakini musamaha siombi.”