Foleni ya Bi Badria

Saa saba mchana Waridi alifunga meza yake ya vitenge Kariakoo, jambo ambalo hata siku ya mvua hakulifanya, akakata mbio kuelekea ofisi ya serikali ya mtaa, Gerezani. Moyo ulimdunda kwa furaha na hofu. Kadi ya muda ya bima ya wajawazito, yenye jina la kaya tu, ambayo mwanzo walipewa wenye miezi saba kwenda juu tu, sasa ilitolewa kwa kila mwenye mimba, hata changa. Uandikishaji ulikuwa unafungwa leo saa kumi.

Yake ilikuwa ya miezi mitatu. Mbili za kwanza zilitoka hata kliniki hajakanyaga, na hii aliitaka kwa roho yake yote. Kikwazo kilikuwa mama mkwe wake, Bi Badria, mshika mila wa kweli: mimba changa haitangazwi, watu wana macho ya husuda. Waridi alimwahidi kunyamaza. Sasa alikuwa anakwenda kuvunja ahadi mbele ya mtaa mzima, maana karani aliandikishia barazani.

Alipofika alikuta watu wanavunjika mbavu. Mbele kabisa ya foleni, ndani ya baibui lake la Ijumaa, alisimama Bi Badria mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Nimeuliza, mjamzito ni nani?" karani alisema, akijikaza asicheke.

"Marahaba. Nimeshakwambia ni mimi. Andika."

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na tatu. Mungu hashindwi. Andika, mwanangu, watu wanangoja."

"Hongera, Bi Badria!" fundi mmoja alipiga kelele. "Mumeo, Mzee Hashimu, ana habari?"

Mama huyu, ambaye mtaani hakuna aliyethubutu kumtania, alikuwa amejitoa achekwe ili mkamwana wake apate kadi na siri isitoke. Machozi na kicheko vilimjia Waridi pamoja. Akapenya watu hadi mbele.

"Ni mimi!" alisema, sauti ikavuka barabara. "Miezi mitatu. Niandike mimi."

Bi Badria alimshika mkono, akamnong'oneza, "Mimi sikumwambia mtu."

"Najua, mama."

Bi Badria akamtazama, akautazama umati uliokuwa ukimcheka. Kisha akatupa mtandio begani, akapiga kigelegele cha kwanza yeye.