Mstari wa Njano

Mwaka ule Warundi walipoanza tena kuvuka mpaka kwa wingi kuingia Ngara, Verediana alikuwa karani katika shirika dogo lililowatafuta watu waliopotezana na ndugu zao njiani. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa pale pale, na Kihangaza chake kilisikilizana vizuri na Kirundi cha wageni. Watu walipenda kukaa mbele yake. Hakuwaharakisha.

Mikono yake ilikuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Akishika mausi ya kompyuta, mshale uliruka kwenye skrini kama panzi. Kwa hiyo alifanya kazi zake zote kwa kibodi: alibonyeza Tab kusogea kutoka sehemu moja ya ukurasa hadi nyingine, kisha Enter kuchagua. Katika ukurasa wa kutafuta majina, mstari wa buluu ulizunguka kila sehemu aliyofika, akajua yuko wapi. Katika ukurasa wa kumbukumbu za kila mtoto aliyeandikishwa, mstari huo haukuwapo. Hapo alikwenda kwa mazoea, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza.

Asubuhi moja aliingia mzee Nduwayo, amevaa koti lenye matope yaliyokauka. Alikuwa akimtafuta mjukuu wake.

"Anaitwa Ineza," alisema. "Wazazi wake hawapo tena. Tulikuwa tunakimbia, watu wakasukumana, mkono wake ukanitoka."

Verediana alimwuliza taratibu, akaandika, akatafuta. Walikuwapo akina Ineza kadhaa. Mmoja, Verediana alisoma kwa sauti, alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto.

"Aliangukia jiwe la kusagia," mzee alisema haraka, kabla hajaulizwa. "Ni huyo!"

Mfumo haukuonyesha mahali mtoto anapoishi mpaka karani athibitishe kwamba anayemtafuta ni ndugu. Ulikuwa ulinzi mzuri. Verediana alibonyeza Tab mara kadhaa, akaamini amefika kwenye "Thibitisha", akabonyeza Enter.

Ukurasa ukabadilika. Maandishi yakasema: Shauri limefungwa. Kumbe alikuwa juu ya kitufe cha kufunga, na jina la Ineza likatoweka.

Mzee alikuwa bado anamtazama usoni.

"Umempata?"

"Nisubiri kidogo, mzee wangu," alisema, akatoka nje na simu yake.

Alimpigia Rwekaza, kijana aliyeutengeneza mfumo ule pamoja na wenzake. Siku hizo alikuwa Biharamulo, akihudumia ofisi yao ya huko.

"Nimemfunga mtoto," Verediana alisema, akianza kulia. "Babu yake amekaa ndani ananisubiri, na mimi nimemfunga mtoto."

"Usilie, mama. Hakuna kinachofutwa mle. Shauri likifungwa linawekwa pembeni tu. Subiri." Vidole vya Rwekaza vilisikika vikigonga kibodi. "Haya, nimelirudisha. Jaribu sasa."

Verediana aliegemea ukuta. Pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu hata mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo akageuka kumtazama. Ineza alikuwapo.

Lakini aliporudi mbele ya skrini, hakubonyeza kitu. Alimwambia mzee ukweli: mtoto ameonekana, ila yeye amekosea hatua moja, na hataki kukosea tena. Kisha akamwambia Rwekaza kwenye simu, "Ukurasa huu sionyeshwi nilipo. Siugusi mpaka unionyeshe."

"Nakuja," Rwekaza akasema.

Alifika na basi la mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi kwenye kiti cha Verediana.

"Mbona unafanya kazi?" alisema, akibofya huku na huku.

Verediana alichomoa waya wa mausi, akaiweka kwenye mtoto wa meza. "Sasa nenda mpaka kwenye 'Thibitisha'."

Rwekaza alibonyeza Tab. Akabonyeza tena. Akainamia skrini. "Nipo... hapana. Nimeshapita?"

"Hata mimi sijui," alisema Verediana, na kwa mara ya kwanza siku ile wote wawili wakacheka.

Rwekaza alieleza kwamba kila ukurasa ulitengenezwa na mtu wake. Mmoja aliweka mstari wa buluu, mwingine vitone vyembamba, na wa ukurasa huu aliuondoa kabisa kwa kuona unaharibu sura. "Tulijaribu kila kitu kwa mausi," alisema. "Pole sana, mama."

Akaanza kazi. Aliweka mstari mmoja kwa kurasa zote, mnene, wa njano. Verediana alijaribu, akatikisa kichwa: kwenye ukurasa mweupe njano ilififia. Rwekaza akauongezea ukingo mweusi. Wakapita ukurasa baada ya ukurasa, na kila mahali mstari ulikuwa ule ule, ukitangulia mbele yake bila kupotea hata kwenye kitufe kidogo cha kutokea.

"Hapo," alisema Verediana. "Sasa napaona ninapokwenda."

Akafungua kumbukumbu za Ineza. Tab, Tab. Njano ikakaa kwenye "Thibitisha", wazi kama mtu aliyesimama mlangoni. Alisoma neno lile kwa sauti, mzee akamsikia, kisha akabonyeza.

"Kijiji cha Murukulazo," alisoma. "Kwa mama mmoja anaitwa Auleria."

Mzee Nduwayo alifunika uso kwa viganja. "Imana ishimwe," alisema kwa Kirundi, akimshukuru Mungu, na mabega yake yakalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kesho yake gari la shirika liliwapeleka huko mzee na Verediana. Auleria alikuwa shambani akipalilia maharage, na msichana mdogo alikuwa nyuma yake akikusanya magugu. Gari liliposimama, msichana aliinua kichwa. Magugu yakamponyoka mikononi.

"Sogokuru!" Babu! Alikimbia akikanyaga maharage yote yaliyokuwa njiani, na Auleria hakumkaripia.

Walipotulia, Auleria alifuta jasho kwa kanga. "Ameshaanza kuniita mama," alisema polepole. "Lakini damu ni damu. Nitamfungia nguo zake."

Mzee alimtazama mjukuu, akamtazama mwanamke yule. "Usifunge zote," alisema. "Acha moja hapa. Huyu sasa ana kwao pawili."

Auleria alicheka huku machozi yakimtoka, akawakaribisha ndani wale kwanza. Verediana alikaa kwenye mkeka pamoja nao. Alipopewa kikombe cha uji, kilitetemeka mkononi mwake kama kawaida, na Ineza akanyoosha mkono akakishika upande wa pili mpaka akanywa.