Pumzi ya Susu

Kale kamashine kalikuja kwa begi ya Winny, kamefungwa ndani ya soksi ya baridi. Winny anafanya kazi na aunty Syombua, dadake baba, huko Kanada, ya kuosha wazee na kuwalisha, na alikuwa amekuja nyumbani kuzika mamake. Alikunywa chai nusu kikombe, akaacha begi, akaenda. Ndani kulikuwa na chokoleti, sweta mbili za Susu, nyanya yangu, na hiyo box nyeupe kama redio ndogo, iko na kioo cha namba mbele.

Aunty akatupigia video jioni hiyo hiyo.

"Inapima uchafu wa hewa," akasema. "Namba ikiwa chini, hewa ni poa, inakuwa kijani. Ikipanda inakuwa njano, halafu nyekundu. Na mwenye atakuwa anaipima ni Kaluki. Si Mativo, si Kathini. Kaluki."

Mativo ni babangu, Kathini ni mamangu, Kaluki ni mimi. Wote walikuwa hapo kwa kochi.

"Kwani sisi hatujui kusoma namba?" Mama akauliza.

"Nyinyi mnajua kuongea sana. Huyo haongei. Mtu haongei hadanganyi."

Niliangalia miguu yangu. Mimi hata shuleni nikiitwa jina kwa rejista naitikia chini mpaka mwalimu anaweka alama ya kwamba sijakuja.

Maneno yenyewe yalikuwa hivi. Susu, mamake baba, ako na kifua. Alipikia mafundi wa mbao wa soko ya Gikomba muthokoi, ile mahindi ya kukobolewa, miaka thelathini, kwa jiko ya maranda, kwa kibanda hakina dirisha. Saa hizi akilala kuna kitu inapiga filimbi ndani yake. Aunty alikuwa anataka kumchukua amalizie uzee huko Kanada, lakini hakuwa na uhakika. Huko theluji inakaa miezi mitano. Aunty anatoka kazini usiku. Hakuna mtu wa kuongea na Susu Kikamba, hakuna jirani wa kuingia bila kubisha.

"Sasa mimi nimepiga hesabu hivi," aunty akamwambia Susu. "Kama hewa ya hapo Maringo ni mbaya, nitakuleta, uvumilie upweke lakini upumue. Kama si mbaya, ukae na watu wako. Siwezi kukutoa kwa watu wako bure, Mama."

Nilikuwa nipige picha ya namba mara tatu kwa siku, wiki tatu, kwa dirisha ya chumba yenye mimi na Susu tunalala. Siku tatu za kwanza nisitume picha, mashine ingekuwa inazoea. Ikipita thelathini na tano siku nyingi, aunty anajaza fomu ya kumleta. Fomu ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi.

"Upweke ni nini?" Susu akasema. "Nitaongea na ukuta. Ukuta hautaniuliza kwa nini nimekohoa."

Mama akacheka na pua.

Kesho yake Susu akavaa sweta zote mbili, jua ikiwaka, akaenda butchery ya Hirad pale kona. Akamwambia afungue friza. Hirad akafungua akidhani anataka matumbo. Susu akaingiza kichwa yote ndani, akakaa hivyo.

"Mama! Unatafuta nini huko?"

"Najizoeza. Naenda Kanada."

"Toka, nyama yangu itashikwa na homa!" Lakini Hirad alikuwa anacheka, na kila asubuhi baada ya hapo alimfungulia friza bila kuulizwa. Susu alikuwa anatoka na nyusi nyeupe, anakuja akinionyesha. "Wajina, angalia. Nimekaa mpaka mia moja na kumi." Mimi na yeye tunaitwa jina moja, nilipewa yake, kwa hivyo hajawahi niita kitu ingine.

Siku hizo tatu za kwanza namba zilikuwa tisini asubuhi. Jioni, watu wakichoma takataka kule nyuma na magari zimejaa Jogoo Road, ilienda mia moja sitini na nane. Kioo ilikuwa nyekundu kama jeraha. Susu akiambiwa namba alikuwa anapiga makofi.

Baba hakupiga makofi. Siku ya tatu alifunga mlango, Susu akiwa ameenda kwa Hirad.

"Hii nyumba iko kwa jina ya nani?" akaniuliza.

"Ya Susu."

"Watu wa kaunti wakikuja kuangalia wapangaji, wanauliza nani?"

"Susu."

"Na wakipata ameenda Kanada?"



"Tunarudi ushago, kijijini, au tunaenda kupanga chumba moja Pipeline, mbavu kwa mbavu, na hiyo shule yako usahau," Mama akamalizia. "Syombua ako na yake huko. Hajui sisi tunalala wapi."

Baba akashika kichwa. "Hiyo kitu ingeharibika tu."

"Ikiharibika ataleta ingine."

Hapo ndipo mimi niliongea. Sijui kwa nini ilikuwa siku hiyo, mimi mwenye siongei. Asubuhi nilikuwa nafagia, nikaweka mashine ndani ya ndoo ya unga yenye haikuwa na unga, nikafunika isiingie vumbi. Nilipoitoa baadaye nilishangaa.

"Ikifunikwa kwa ndoo," nikasema, "inasoma tano."

Mama akaniangalia kama mtu ameona mbuzi ikisoma gazeti.

"Rudia."

"Uchafu unashuka chini ya ndoo. Ukikaa nusu saa, inasoma tano. Inakuwa kijani."

Mama akaenda akaleta ndoo, akaipangusa na leso yake, akaiweka miguuni pangu. Baba hakusema fanya. Hakuna mtu alisema fanya. Baba alisema tu, "Usiwe unatuma tano kila siku. Atashuku. Hapa ni Eastlands, na moshi yote hii."

Kwa hivyo nilijifunza. Naweka mashine ndani ya ndoo nikienda kuoga. Nikitoka, nafungua, naipeleka kwa dirisha, pazia ionekane nyuma, halafu nahesabu. Ukipiga picha mara moja unapata sita. Ukihesabu mpaka tisa unapata kumi na nne. Ukihesabu mpaka ishirini unaharibu kila kitu, inaanza kukimbia. Baada ya wiki moja nilikuwa naipata namba ninayotaka bila kukosea, na nilikuwa nasikia raha kidogo. Huo ndio ukweli. Sijawahi kuwa mtu wa kwanza kwa kitu yoyote.

"Kumbe huyu ako na kichwa," Mama akawa anasema. "Hawezi kusalimia hata kuku, lakini kwa hii, wacha tu."

Susu ndiye hakuelewa. Macho yake ina ukungu, namba hasomi, lakini rangi anaona. Kila saa alikuwa ananiuliza.

"Inasema nini leo, wajina?"

"Nane, Susu."

"Nane? Na hiyo moshi yote nje?"

"Nane."

"Hiyo kitu haina mapua." Akaipiga kofi juu. "Syombua ameuziwa redio."

Lakini siku zikawa zinaenda na mimi nasema nane, kumi na mbili, tisa, na yeye akaanza kunyamaza. Friza ya Hirad bado alikuwa anaenda. Alirudi akiwa amehesabu mia mbili, hakuniambia kwa furaha, aliniambia tu kama mtu anasema saa.

Wiki ya tatu, Jumatano, nilikuwa nimetoa mashine kwa ndoo sasa hivi, mlango ukafunguka. Susu.

"Lete nishike."

"Nataka kupiga picha kwanza, Susu."

"Piga baadaye. Lete."

Nilimpa. Ningeweza kuiangusha. Ningeweza kusema kitu. Nilimpa, ikiwa kijani kabisa, na yeye akaketi kwa kitanda, akaishika na mikono miwili karibu na uso kama mtu ameshika mtoto wa paka. Akaiangalia. Kifua ilikuwa inapiga filimbi, kwa sababu alikuwa ametembea haraka.

"Kijani," akasema.

"Eeh."

Akapumua juu yake. Hakufanya makusudi, ni vile tu alikuwa anahema. Na mimi nilikuwa najua kitu itafanyika, kwa sababu dirisha ilikuwa wazi na mimi nilikuwa nahesabu kichwani bila kutaka. Kumi na tano. Kumi na sita. Ikawa njano mikononi mwake. Akashtuka. Akaileta karibu zaidi, akapumua tena, pole pole, kwa mdomo. Ikawa nyekundu.

Susu akageuza mashine, kioo kikaniangalia.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Kwa dirisha ni kijani, tangu imalize kuzoea. Kwangu ni nyekundu."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mafupi, nilikuwa nayo yote. Kuna ndoo, Susu. Si wewe, ni ndoo. Niliyasikia kwa ulimi. Halafu nikafikiria chumba moja Pipeline, na mwalimu mwingine kwa shule ingine akiniuliza jina, na nikafunga mdomo vile nimezoea.

"Kwa hivyo si hewa," Susu akasema. "Ni mimi. Nimekuwa nikisema ni moshi, ni watu wa takataka, ni magari, kumbe uchafu unatoka kwangu. Mnakaa na mimi humu ndani mnavuta." Akaweka mashine chini kwa kitanda, mbali, akafunika mdomo na leso. "Pole, wajina. Na vile tunalala kichwa kwa kichwa."

"Si kitu, Susu," nikasema.

Ndiyo hiyo nilisema. Si kitu.

Jumamosi aunty akapiga. Alikuwa ameketi kwa gari, na uniform ya kazi, macho imevimba.

"Nimejumlisha picha zote," akasema. "Inakuja kumi. Mativo, kumi! Hiyo ni kama hapa. Mwaka jana hapa misitu iliungua, moshi ikatufunika, tulifika mia mbili, tulikuwa tunafunga madirisha na tepu. Sasa nitamtoa mtu kwa kumi nimlete kwa mia mbili?"

"Si ndio nimekuwa nikikuambia," Baba akasema. "Watu wanaogopesha tu hii Eastlands."

"Hata mimi nilishangaa, lakini picha ni za Kaluki." Alipumua, na ile pumzi ilikuwa ya mtu ametua mzigo. Niliisikia vizuri. Nafikiri hata yeye alikuwa anaogopa kuletewa mtu wa kukohoa kwa nyumba ya chumba moja. "Mama yuko wapi? Najua atalia. Nipeeni nimwambie mwenyewe. Mama, bado fomu iko wazi mpaka Jumatatu. Ukisema unataka tu, hata kama hewa ni sawa, nitajaza. Sema wewe."

Mama yangu aliacha kutafuna.

Susu alikuwa amesimama mlangoni, leso kwa mdomo. Hakukaribia simu.

"Usijaze," akasema.

"Nini? Sisikii, Mama. Toa hiyo leso."

"Usijaze. Hiyo mashine yako ni nzuri, imeona. Hewa haina shida. Mimi ndio nimeoza ndani. Nikikuja huko nitakuchafulia nyumba, na hao wazee unaosha utawapelekea."

"Mama, hiyo si vile inafanya kazi..."

"Nimeona na macho yangu. Muulize wajina wangu. Hadanganyi."

Aunty akasema, "Kaluki?"

Wote wanne wakaniangalia, mmoja kwa simu.

"Iligeuka nyekundu," nikasema. "Akipumua."

Na haikuwa uongo.

Aunty akasema atatuma dawa ya kifua na Winny akirudi tena, halafu akasema anachelewa kazini. Baba alitoka akarudi na kuku wa kuchoma kutoka barabarani, mzima. Hatujawahi kununua mzima. Mama akaweka sahani nne, lakini Susu akachukua yake na kuipeleka jikoni, akala huko akiwa ameketi kwa ndoo ya maji, mlango amefunga.

"Mwache," Mama akasema. "Anajielewa."

Jumapili hakwenda kanisani, eti atakoholea kwaya. Jumatatu mchana akakunja blanketi yake, akaburuta godoro ndogo mpaka jikoni, kati ya ukuta na jiko la makaa. Nilimsaidia kushika upande mmoja. Hirad aliuliza kwa dirisha kama mama wa Kanada ni mgonjwa, mbona friza inamngoja. Susu akaniambia nimwambie amesafiri.

Jioni aliniita nikasimama kwa mlango, asiruhusu niingie. Alikuwa ameshika kikombe chake, na alikuwa anafunga uzi mwekundu kwa mkono wa kikombe, mara tatu, akikaza fundo na meno.

"Hiki kisichanganywe na vyenu," akasema kutoka nyuma ya leso. "Na sahani nimeikwaruza hapa chini, utaiona. Wewe ndiye utakuwa unaosha, wengine watasahau."

Nikasema sawa. Tangu hiyo jioni naosha vyangu na vya Baba na Mama kwanza. Halafu nabadilisha maji.