Soma, Rudia

Jumamosi hiyo, saa nne kamili asubuhi, hospitali ilizima mtandao wake wa hifadhi, na watu wawili wakaingia chumba cha seva wamevaa makoti, maana viyoyozi vya mle ndani havina huruma. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na minane ambaye hospitali nzima ilimwita Kamusi. Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mwanamke mwembamba aliyebandikwa jina la Mchwa kwa vile alivyozoea kujipenyeza chini ya sakafu kuvuta kebo. Jina hilo hakulipenda, lakini nani alimuuliza?

Kazi yenyewe, kwa maneno mepesi, ilikuwa hivi. Picha na kumbukumbu zote za wagonjwa zilikaa katika kabati moja kubwa la diski. Kila seva ilipelekewa fungu lake kutoka humo kupitia swichi na kadi iliyopachikwa ndani ya seva hiyo. Swichi ya zamani ilikuwa imechoka, mpya imeshafungwa, na sasa ilibidi ielezwe upya kwamba kadi yenye namba hii ipewe diski zile na kadi yenye namba ile isiguse za mwenzake. Kila namba ilikuwa na tarakimu na herufi kumi na sita. Ukikosea, seva inalala njaa. Ukikosea vibaya zaidi, inapewa sahani ya jirani.

Na seva zenyewe hazikuwa za tabia moja. Ya picha za mionzi iliendeshwa na Linux, ambayo ikikuta diski ngeni hukaa kimya ikingoja uamuzi wako. Ya maabara ilikuwa ya Unix ya miaka mingi, kikongwe ambacho lazima ukizime na kukiwasha ndipo kielewe kuwa kuna jambo jipya. Ya duka la dawa ilikuwa ya Windows, nayo ina adabu iliyopitiliza. Ikikuta diski isiyoelewa lugha yake huiona tupu, na hukuuliza kwa upole kama iiandae. Ukiitikia ndiyo, inaandika alama zake juu ya diski hiyo, na aliyekuwa na vitu vyake humo atajua pa kulilia.

Kwa sababu hiyo Kamusi alikuwa ameanzisha utaratibu walioupa jina la soma-rudia. Mmoja hushika daftari la namba za kadi na kusoma. Mwingine huandika kwenye kompyuta huku akirudia kwa sauti, na amekatazwa kabisa kuchungulia daftari. Kamusi alishikilia kwamba anayechungulia huandika anachokumbuka badala ya anachosikia. Miaka kumi na minne walifanya hivyo, na hakuna diski iliyowahi kupotea mikononi mwao.

"Haya, mke wangu mdogo," Kamusi alisema akiketi, kwa utani wao wa siku zote. "Tega sikio."

"Mke wako mdogo ana baridi. Soma."

Akafungua daftari na kusoma, akifunua kurasa polepole. Mchwa akarudia na kuandika. Seva kumi na moja zilikwisha kwa muda wa saa moja, na Mchwa alishukuru moyoni, maana tangu dada yake afariki, miezi minane nyuma, hapa ndipo pekee alipomwona shemeji yake akiwa yule yule wa zamani. Nje ya chumba hiki alikuwa mtu wa kujigonga mabega kwenye milango na kuagana na watu mapema. Hapa alikuwa Kamusi.

Wakaanza kukagua seva moja moja. Ya duka la dawa ilitangulia, kwa sababu leo ilikuwa iongezewe diski mpya, tupu. Mchwa akaiamuru itafute upya. Kidirisha kikafunguka, kwa ile adabu yake: kuna diski mpya haijaandaliwa, je, iandaliwe?

"Imeipata?" Kamusi aliuliza.

"Imeipata. Inauliza."

"Mpe ndiyo, tuendelee."

Kidole cha Mchwa kilikuwa tayari juu ya kipanya. Kilichomzuia hakikuwa akili nyingi, ilikuwa ni mazoea ya kusoma mpaka mstari wa mwisho. Duka la dawa liliomba terabaiti mbili. Diski iliyokuwa ikiombewa jibu la ndiyo ilikuwa ya terabaiti kumi na moja.

Hospitali nzima ilikuwa na diski moja tu ya ukubwa huo. Ilikuwa ya picha za mionzi, ile michoro inayoiambia mashine impige mgonjwa wapi na imwache wapi. Nakala yake ya mwisho ilikuwa ya wiki tatu nyuma, kwa sababu hifadhi ya nakala ilikuwa imejaa. Mchwa aliondoa mkono kwenye kipanya kama aliyegusa sufuria ya moto. Kisha, taratibu, akabonyeza ghairi. Jasho lilimtoka na baridi yote ile.

Alifungua orodha ya swichi, akaikuta namba aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya seva ya picha. Aliijua. Ilikuwa ya kadi waliyoichomoa kwenye seva ya picha miezi miwili iliyopita, wakaipachika kwenye seva ya duka la dawa. Siku ile yeye mwenyewe aliikata namba hiyo daftarini kwa kalamu nyekundu, akaandika mpya pembeni kwa herufi kubwa.

"Shemeji, nisomee tena ya seva ya picha," alisema, akainuka na kwenda kusimama nyuma ya bega lake.

Kamusi akafunua, akaweka kidole kwenye ukurasa na kuanza bila kukwama, tarakimu kumi na sita, mpaka "D nne, saba moja." Kidole chake kilikuwa juu ya mstari mwekundu. Namba aliyoitamka ndiyo iliyokatwa.

Mchwa alihisi hasira kwanza, hasira ya kutaka kupiga kelele. Halafu akayatazama yale macho, yameelekezwa kwenye ukurasa kwa utiifu kama ya mtoto anayejifanya anasoma, na hasira ikageuka kitu kibaya zaidi. Utaratibu ulimtaka arudie. Akarudia. Lakini alirudia namba mpya, ile ya pembeni.

Kamusi akageuza uso kuelekea sauti yake.

"Hiyo siyo niliyosoma."

"Ndiyo iliyoandikwa."

Feni za seva zilivuma. Kamusi akafunga daftari, akaliweka mapajani.

"Naona mwanga," alisema. "Nakuona wewe kama kivuli. Maandishi yalianza kunitoroka mwezi wa tatu. Tangu hapo namba nazitoa kichwani."

"Na ile dawa ya matone ya macho?"

"Dada yako ndiye aliyekuwa akinitia kila jioni. Chupa iko dirishani mpaka leo."

Mchwa akalia, hakuona sababu ya kujizuia. Dada yake alimwambia kitandani neno moja tu, "Mwangalie," naye alimwangalia kwa kumpelekea chakula cha Jumapili na kumtania. Macho yenyewe hakuyatazama hata siku moja.

"Diski imeguswa?" Kamusi aliuliza.

"Haijaguswa."

"Basi futa machozi, saa nane wanataka mtandao wao. Nipishe hapo. Wewe soma, mimi nirudie."

Wakabadilishana viti. Vidole vyake havikuhitaji macho. Alirudia kila namba neno kwa neno, akaiandika, na Mchwa, ambaye sasa aliona daftari na skrini pia, hakumkuta na kosa hata moja. Seva ya picha ikapata diski yake. Duka la dawa likapata terabaiti zake mbili, likauliza swali lake, na safari hii likajibiwa ndiyo. Kikongwe cha maabara kikazimwa, kikawashwa, kikaamka. Ilikuwa saa nane kasoro robo.

Kukabaki kitabu cha makosa. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Kamusi: kosa linaandikwa siku hiyo hiyo, pamoja na sababu yake, kabla mtu hajatoka mlangoni, na nakala inakwenda kwa mkuu wa idara.

Mchwa aliandika kwamba namba ya zamani ilisomwa na ikarekebishwa. Kwenye nafasi ya sababu hakuandika kitu.

"Nisomee," alisema Kamusi.

Akamsomea mstari wa kwanza. Kisha, bila sauti yake kutetereka, akamsomea na wa pili: "Sababu: msomaji haoni."

Kamusi akanyoosha mkono, akavuta kitabu. Alipitisha ncha ya kidole juu ya mstari wa kwanza, pale kalamu ilipochimba karatasi. Akashuka chini yake. Kidole kilikwenda mpaka ukingoni, kikarudi, kikaenda tena.

"Hapa ni laini," alisema.

"Wakijua watakutoa humu. Utakaa nyumbani peke yako na hiyo chupa."

"Watanitoa. Nami nitaumia, usidhani sitaumia." Aliupapasa mkono wa Mchwa mpaka akaipata kalamu, akaifumbata ndani ya vidole vya shemeji yake. "Lakini Jumatatu kuna mtu atalala chini ya ile mashine, naye hajui kama mimi naona au sioni. Andika, mdogo wangu."

Mchwa akaandika maneno mawili, akikandamiza kalamu kwa nguvu zote ili kidole cha shemeji yake kiyapate. Kamusi alisubiri amalize, kisha akapitisha kidole taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Soma," alisema.

"Msomaji haoni."

"Msomaji haoni," alirudia Kamusi, akaomba aoneshwe pa kuweka sahihi.