Kioo cha Mlango wa Kushoto

Fundi Makhanu alishuka basi pale Shianda saa tatu asubuhi, siku ya Jumatano, akiwa na sanduku la bati lililojaa bisibisi, koleo, tupa, msasa, na grisi aliyoitia kwenye mkebe wa zamani wa kakao. Alikuwa ametoka mjini Kakamega kuja kutengeneza Pijo ya Cornelius Osundwa. Gari lenyewe lilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Cornelius alilinunua kwa daktari mmoja wa Kisumu mwaka ule miwa yake ilipovunwa mara ya kwanza. Vioo vyake vya mbele vilipanda na kushuka kwa umeme.

Kioo cha kulia hakikuwa na shida. Cha kushoto kilipanda mpaka katikati ya dirisha, kikalalamika kama mtu mwenye jino bovu, kikasimama hapo hapo. Majivu ya miwa iliyochomwa yaliingia kwa juu na kutua kwenye mashati ya Cornelius, na Jumamosi hiyo angekuwa mgeni wa heshima kwenye harambee ya kanisa kule Malava.

Awinja, mjane wa George aliyekuwa mdogo wake Cornelius, alikuwa na sababu nyingine ya kutaka kioo kile kipande mpaka juu. Kupitia kioo hicho, shamba lilionekana jinsi lilivyokuwa kabla ya miwa.

Jambo hilo lilijulikana. Ukikaa ndani ya gari ukatazama pale pasipo na kioo, uliona miwa ya Cornelius, mirefu, imefungana mpaka mtoni. Ukitazama kwenye kioo, uliona wimbi, viazi vitamu, migomba mitatu, na mstari wa miti ya lusiola ambayo George aliipanda kutenganisha shamba lake na la kaka yake. Lakini kwa kuwa kioo kiliishia katikati, miti ile haikuwa na vichwa. George mwenyewe alikuwemo, akipalilia. Akiinama, ulionekana mgongo wake na kofia. Akiinuka, alikatika kifuani.

George alifariki miaka mitatu nyuma, wakati wa mvua ndefu. Mjane aliye kwenye matanga hakanyagi shamba, hata liwe lake, mimea isije ikanyauka. Kwa hiyo trekta la kampuni ya sukari lilipokuja, Awinja alikuwa ameketi ndani, mgongo ukutani, kama alivyoelekezwa na mama wakwe. Alilisikia likinguruma siku mbili. Alipotoka, kichwa kimenyolewa, hapakuwa na mti hata mmoja. Mashamba mawili yalikuwa yamekuwa bloku moja, kwa jina la Cornelius, maana trekta haligeuki vizuri kwenye kishamba chembamba. Cornelius alisema mambo ya mpaka yataangaliwa baadaye. Baadaye akasema amesahau ulipita wapi.

Awinja akaenda kwa naibu chifu, Mzee Hezekiah.

"Uliona kwa macho yako wakiing'oa hiyo miti?" naibu chifu alimwuliza.

"Nilikuwa ndani, Mzee. Nilikuwa naombolezea bwanangu."

"Basi nionyeshe mpaka, nami nitausema mbele ya baraza."

Alimwonyesha kwenye kioo. Naibu chifu alitazama vizuri, hata akajikunja chini ya dashibodi ili achungulie kwa kupandisha macho, lakini miti ilibaki nusu vilevile.

"Mama, hivi ni vigogo," alisema akijipangusa magoti. "Kigogo kinaweza kuwa cha mkaratusi, kinaweza kuwa cha mpera. Lusiola inajulikananga kwa majani na maua. Kioo kikipanda, niite."

Mwaka mzima ukapita. Basi siku Cornelius alipoita fundi, Awinja alichinja mtetea wake mweupe, akamkaanga kwa vitunguu, akasonga ugali wa obusuma, akapeleka yote chini ya mwembe wa kando ya barabara ambapo Pijo ilikuwa imeegeshwa, mlango wa kushoto ukielekea shambani.

"Mama, hii kuku imechinjwa kwa ajili yangu ama kwa ajili ya Pijo?" fundi aliuliza.

"Ni ya yule atakayepandisha kioo."

Cornelius alinyoosha mkono kwenye sahani. "Firigisi ni yangu. Mimi ndiye mwenye boma."

"Leo ni ya fundi, shemeji. Wewe umekula za miaka mitatu."

Cornelius alicheka, akachukua bawa.

Fundi alinawa mikono, akafungua parafujo za kishikio, akabandua ubao wa mlango taratibu, kipini kimoja kimoja, akavuta karatasi ya plastiki iliyokuwa imegandia. Alivuta nyaya mbili kutoka kwenye betri, akazigusisha kwenye mota moja kwa moja. Mota ikageuka kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, ikatulia.

"Waya ni nzima, swichi ni nzima," alisema. "Ni brashi za ndani, zile za kupitisha umeme. Zimelika mpaka zimebaki kama ukucha. Sasa nikitoa mota, kioo kitaanguka ndani ya mlango kivunjike. Nani atanishikia?"

"Mimi," Awinja alisema.

Akaingia, akakaa kiti cha mbele, mlango ukiwa wazi, akabana kioo kwa viganja vyake, kimoja ndani na kimoja nje. Mota ilipotoka, kioo kikalegea, uzito wote ukamjia mikononi.

"Kisukume juu polepole kikae kwenye mpira," fundi alimwambia. "Kisha usikiachilie."

Alikisukuma. Miti ikaota vichwa. Ilikuwa imechanua, maua ya manjano yamejaa kama siku za Pasaka. Siku hiyo Shianda ilikuwa na mawingu, lakini ndani ya kioo kulikuwa na jua, na viganja vyake vikapata joto. George aliinuka kutoka kwenye wimbi, akajishika kiuno, na safari hii hakukatika. Alikuwa hajanyoa ndevu. Alitazama barabarani, akamwona, akainua mkono kumsalimu kama mtu anavyomsalimu jirani anayepita.

Awinja hakuweza kupunga mkono. Yote miwili ilikuwa imeshika kioo. Akaitikia kwa kidevu.

Fundi alifanya kazi zaidi ya saa moja. Brashi za ukubwa ule hazikupatikana hata Kakamega, kwa hiyo alichukua za stata ya lori sandukuni mwake, akazikata, akazisugua kwa tupa mpaka zikaingia kwenye vijumba vyake bila kubana. Alisafisha shaba ya mota kwa msasa. Alikwangua grisi kuukuu, iliyokuwa nyeusi kwa majivu na yenye kunata, akapaka mpya. Awinja hakuomba apokewe. Mikono ilipochoka, aliegemeza kiwiko kwenye goti.

Mota iliporudi mahali pake, Cornelius alibonyeza swichi. Kioo kilishuka, kikapanda mpaka juu kabla hujahesabu tano.

"Hii sasa ni gari," Cornelius alisema. Kisha akamwambia Awinja, bila kinyongo, "Mwite tu huyo mzee wako."

Naibu chifu alikuja na karatasi ya serikali na kibweta cha wino. Alikaa kwenye gari, akavaa miwani, akahesabu miti saba kwa kidole.

"Ni lusiola. Hakuna ubishi."

"Hata mimi sikatai," Cornelius alisema. "Huyo ndugu yangu namsalimianga kila asubuhi nikienda mizani kupima miwa."

George alivua kofia kumwamkia naibu chifu, na naibu chifu akaitikia.

"Basi nirudishiwe shamba langu," Awinja alisema.

Naibu chifu alivua miwani. "Mpaka umeuonyesha, mama. Shahidi pia yuko, tena mtu mzuri, nilisali naye. Lakini hapa panatakiwa kidole gumba chake, na kioo kimefungwa."

"Tukifungue."

Cornelius akabonyeza. Naibu chifu alitoa karatasi na wino dirishani. Maua yalizama kwanza ndani ya mlango, kisha kofia ya George, ndevu, mkono aliokuwa ameunyoosha. Mahali pake pakabaki miwa, na jani moja la muwa likagusa karatasi. Walijaribu mara nne. Fundi alisema brashi bado ni mpya, mota isichoshwe.

Siku ya Ijumaa, mbele ya baraza, naibu chifu alitangaza kwamba mpaka umeonekana na kila mtu ameridhika kuwa ni wa kweli. Akasema pia kwamba mpimaji wa kampuni hupima upande huu wa kioo, na upande huu bloku ni moja, na mkataba wa kampuni una sahihi. Watu walimpigia makofi Awinja kwa subira yake.

Cornelius hakuwa mtu wa kunyima. Alimwambia aje kila Jumapili baada ya ibada, akae kwenye gari atakavyo, ila afunge mlango polepole.

Awinja alikuja na watoto wake wanne. Wimbi lilikuwa limeiva. Walimtazama George akikata masuke kwa kisu kidogo, mstari kwa mstari, akijaza kikapu. Kilipojaa alijitwika, akatembea kando ya miti yake saba, akatoweka ukingoni mwa kioo, upande wa nyumbani kwao.

"Mama, anapeleka kwetu," alisema Ayuma, kitinda mimba, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

Wakashuka, wakafunga mlango polepole, wakapita katikati ya miwa. Walipofika nyumbani, watoto walikimbilia ghalani kuangalia, na Awinja akawangoja mlangoni. Kisha akamtuma mkubwa dukani kununua unga, akainjika maji.