Mdomo wa Kabla na Baada

Msinionee huruma, huruma zenu sizitaki. Nataka tu mjue kaka yangu ni mtu wa namna gani, maana mkikutana naye mnamwita daktari na kumshika mkono kwa mikono miwili.

Kaka yangu alisomea meno. Na wakati wenzake wanahangaika na meno peke yake, yeye akachanganya humo humo na shahada ya biashara, akatoka na zote mbili. "Wa kwangu anazo mbili," Mama alikuwa akiwaambia majirani, hata waliokuja kuomba chumvi tu. Nami nilijivunia, nisiseme uongo.

Sisi tulikulia maji ya kisima chenye madini, na maji yale humpaka mtoto meno rangi ya kahawia isiyotoka hata usugue na mkaa. Kaka alikuwa nayo. Mimi ninayo. Ya kwake walimtengenezea wanafunzi wenzake huko chuoni, akarudi na meno meupe pe, akicheka hata pasipo kichekesho. Alipofungua kliniki akaniweka mapokezi. "Mdogo wangu," akasema, "na wewe nitakutengeneza."

Akanilaza kwenye kile kiti chake, akayasaga meno yangu ya juu ya mbele mpaka yakabaki vijiti, kisha akayavisha kofia nyeupe. Yalipendeza, jamani! Nililia mbele ya kioo. Ya chini, akasema, wiki ijayo.

Wiki ijayo akaja na mpiga picha. Likapandishwa bango juu ya kliniki, mdomo wangu umekenuliwa, mkubwa kuliko mlango. Mshale wa juu umeandikwa BAADA, wa chini KABLA. Wateja wakamiminika. Wakifika mapokezi wananikuta mimi mwenyewe, wananichungulia mdomoni kama wanachagua nyanya sokoni, wanaambiana, "Kumbe kweli!" Mtaani jina langu likafa. Nikawa Kabla.

"Kaka, ya chini lini?" nikawa namuuliza.

"Kuku wangu mwenyewe, manati ya nini? Nikitaka nakushika hata kesho." Halafu akanieleza, kwa upole kabisa, aliyoyasoma kwenye ile shahada ya pili. Mteja haamini picha, anaamini mtu. "Nikikumaliza, utakuwa mwanamke mwenye meno mazuri tu. Wa hivyo mjini wamejaa."

Nikazoea kuongea kiganja kikiwa mdomoni. Ndivyo alivyonikuta fundi friji, siku aliyokuja kututengenezea kiyoyozi. Yeye hakunichungulia. Alisema tu, "Toa mkono bwana, sikusikii." Nikautoa. Akaendelea kunieleza habari za kiyoyozi kana kwamba hajaona kitu, na mimi hapo nikaisha kabisa.

Alipotaka kuleta wazee wake kuniposa, nilimpigia kaka magoti. Magoti ya kweli, kwenye vigae vya chumba cha matibabu. "Siku hiyo moja nicheke bila kujificha, kaka. Shangazi zake watakuwepo." Akaninyanyua, akaapa kwa jina la marehemu baba kwamba atanimaliza kabla hawajafika. Asubuhi ya posa nikampigia simu, nimeshavaa.

"Mdogo wangu, mwezi ujao nafungua tawi la pili. Nakuhitaji hivyo hivyo jukwaani. Vumilia kidogo." Akakata.

Wageni wakaja. Nilihudumia nimejifunika mtandio mpaka puani, wakadhani ni heshima. Shangazi mkubwa akanivuta karibu, akaushusha mtandio, akaninyanyua kidevu. "Si huyu wa bango?" akauliza. "Na yule daktari ni kaka yako wa kweli? Tumbo moja?"

"Ndiyo, shangazi. Tumbo moja."

Wakatazamana. Wakala, wakashukuru, wakaondoka.

Jibu lililetwa na mshenga, naye alikuwa haniangalii usoni. Familia imekaa, imeshauriana. Ikiwa kaka wa tumbo moja, daktari mwenye digrii mbili, ameshindwa kumponya dada yake, basi hiyo si rangi, huo ni ugonjwa, na ugonjwa wa ukoo mtu hauingizi nyumbani kwa hiari yake. Fundi alibisha, mshenga akaniapia kwamba alibisha sana. Wakamuuliza swali moja: ni kaka gani angemwacha dada yake hivyo makusudi? Akasalimu amri. Hata mimi ningesalimu.

"Riziki yako haikuwa pale," Mama akaniambia. "Ila kaka yako usimsumbue na mambo haya, ana shughuli nyingi."

Hapo nikafura. Anautaka mdomo? Ataupata! Siku moja kabla ya ufunguzi nikaenda kwa daktari wa mtaa wa pili, nikamdanganya kwamba zile kofia zinaniuma, azitoe. Akanitazama kwa masikitiko. "Chini yake pamesagwa, dada. Meno yako ya zamani hayapo tena." Nikamwambia toa. Nilipojiona kwenye kioo chake, vijiti juu, kahawia chini, nilimrudishia upesi. Lakini nilijua BAADA imekufa, na bila BAADA kaka yangu hana tangazo.

Siku ya ufunguzi nilivaa barakoa. Kaka akafurahi mno. "Safi! Tutawafunulia pale pale jukwaani." Ukumbi ulijaa, Mama kiti cha mbele, wenye fedha zao safu ya pili. Kaka akashika kipaza sauti. Shahada ya kwanza, akasema, ilimfundisha kumtibu mgonjwa, na ya pili kumfikia kila mgonjwa. Wakampigia makofi. Kisha akaniita, akaivuta barakoa yangu kwa mbwembwe.

Nikakenua mpaka ufizi wa mwisho.

Mama akajishika kifua. Nikamgeukia kaka ili nimwone vizuri, na nilimwona: midomo imemkauka, jasho linamchuruzika. Nilifurahi, haki ya Mungu, nilifurahi kuliko siku nilipovishwa zile kofia. Nikasema moyoni, leo tumelipana.

Akanizungushia mkono begani, akaniminya kwake kama kaka anayempenda dada yake, na kukiinua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," akasema, sauti ikimtetemeka vizuri kabisa, "huyu ni damu yangu. Nilikuwa sijammaliza, akakosa subira, akaenda kwa daktari mwingine. Tazameni wenyewe alichofanyiwa."

"Maskini!" ukumbi mzima ukaguna. Kisha makofi, na watu wamesimama, na mwanamke mmoja wa safu ya pili akifuta machozi. Mpiga picha akasogea mbele, akapiga goti.

Nikataka kufunga mdomo. Kaka akaniinamia sikioni, akitabasamu. "Bado," akasema. "Mwache apige na ya karibu."