Mkataba Uliopita Katikati ya Nyumba ya Batuli

Siku mkataba wa amani wa Irindi uliposainiwa, Batuli alikuwa jikoni akisonga ugali wa uwele, na mumewe, Matonya, alikuwa zizini akikamua. Redio ilikuwa dirishani. Mtangazaji alisema wajumbe wa pande zote mbili wameshapeana mikono katika hoteli moja mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma, na makofi yakasikika. Batuli akachungulia nje kumwuliza Matonya kama maziwa yatatosha ya kulia ugali. Matonya aliinua kichwa, akafungua mdomo, akajibu. Hakuna kilichosikika.

"Sema basi," Batuli alimwambia.

Matonya akagusa sikio lake na kutikisa kichwa. Alichukua kibuyu cha maziwa, akapita chumbani, akaja jikoni, na alipovuka kizingiti sauti yake ikarudi katikati ya neno.

"...na ya kugandisha yatabaki," alikuwa anasema.

Wakala ugali wao. Walipomaliza walitoka kuangalia, wakapaona mahali penyewe. Sauti ilikuwa inakomea kwenye mstari wa mpaka uliowekwa na mkataba, uleule uliotajwa redioni, unaoshuka kilimani, unaokatiza kijiji na kuteremka mpaka korongoni. Katika nyumba yao ulipita kwenye kizingiti: jiko lilibaki mashariki, upande wa wakulima, chumba cha kulala na zizi magharibi, upande wa wafugaji. Ng'ombe akilia magharibi, wa mashariki walimwona tu amepanua mdomo. Ukimpigia simu mtu wa upande wa pili, ilipokelewa ukasikia upepo, na ujumbe wa maandishi ulifika mtupu. Msikiti ulikuwa mashariki, kwa hiyo waumini wa magharibi wakaanza kutazama kivuli ili kujua adhuhuri imeingia. Haikupita wiki wakawa wamezoea.

Ugomvi uliozaa mkataba huo haukuwa wa kijiji kizima. Irindi nzima watu walilima na kufuga. Batuli alizaliwa kwa wakulima wa milima ya Kondoa na Matonya kwa wenye mifugo, na wao wenyewe walikuwa na shamba la mtama na ng'ombe wa kuwatosha. Waliokuwa wakipigana ni vijana wa mzee Uwesu, waliolinda mashamba kwa mapanga, na vijana wa mzee Mazengo, waliolinda malisho kwa mishale. Watu walipokufa, wapatanishi walikuja na magari, wakauliza nani anapigana na nani. Wakatajiwa majina hayo mawili. Hao ndio walioalikwa Dodoma, na hao ndio waliogawiwa nchi: kila mmoja upande wake, ofisi yake na walinzi wake. Wengine wote walitakiwa kujiandikisha, mkulima au mfugaji, na kutovuka bila kibali cha ofisi zote mbili.

Batuli aliandikwa mkulima kwa sababu karani alimkuta jikoni. Matonya alikutwa zizini.

Batuli hakukubali. Alivaa kanga zake mpya, akapanda basi mpaka mjini, akauliza njia mpaka ofisi ya wapatanishi. Alipokewa na Evodia, dada mpole aliyeongoza mazungumzo yale.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae. Wewe uko upande gani?"

"Marahaba. Unaniuliza jikoni au chumbani?"

"Nauliza kundi lako, mama."

"Sina kundi. Nina mume, nina mtama, nina ng'ombe."

"Watu wa namna hiyo hawakuwepo kwenye mazungumzo."

"Hawakuitwa."

Evodia alimsogezea kikombe cha chai. "Tuliwaita waliokuwa wanapigana. Ndio wanaoweza kuacha."

"Na hili la sauti?"

"Tumeletewa taarifa. Tumeliweka kwenye changamoto za utekelezaji."

Batuli akainywa chai polepole mpaka akakimaliza kikombe. "Sasa mwanangu, mimi ambaye sijampiga mtu, nifanye nini ili na mimi niitwe?"

Evodia alitazama dirishani. Hakujibu, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

Basi lilipopita Msalato kurudi kaskazini Batuli alikuwa ameshaamua. Kesho yake alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yake, mguu mmoja jikoni na mwingine chumbani. Kwa sikio la kulia akawasikia wa mashariki, kwa la kushoto wa magharibi. Akatuma watu watangaze kwamba mwenye neno la kupeleka upande wa pili alilete kwake.

Walikuja. Mmoja alimtaarifu dada yake kuwa baba anaumwa. Mwingine aliuliza kama yule ndama mwenye doa ameonekana. Binti mmoja aliposwa na akakubali, na Batuli akayasema maneno ya pande zote mbili bila kupunguza wala kuongeza, hata pale alipoona haya. Vifundo vya miguu vilimvimba. Matonya alimletea kinu akigeuze kiti, ila alikataa, akisema akikaa mguu mmoja huteleza.

Mzee Uwesu alikuja mwenyewe kumkanya.

"Batuli mwanangu, unavunja mkataba."

"Navunja wapi, baba? Nimesimama nyumbani kwangu."

Uwesu aliitazama miguu yake, hii huku na ile kule, akageuka akarudi alikotoka. Mzee Mazengo naye alikuja upande wa chumbani, akasema maneno yaleyale, akajibiwa vilevile. Walikuwa wanafanana sana siku hizo, kwa suti walizoshonewa za kusainia.

Kiangazi kilipokolea, moto wa nyika ulianza upande wa magharibi, nyuma ya mwinuko, mbali na kijiji. Mudrick, mpwa wa Uwesu, alikuwa shambani kwake karibu na korongo akifyeka kwa panga. Aliona moshi, akaona na ndama waliokuwa chini ya ule mwinuko bila kujua. Alikimbilia mstarini akipiga kelele na kupunga mkono wenye panga. Mlinzi wa zamu upande wa pili aliitwa Damas. Aliona mtu anamjia mbio, kinywa wazi, panga juu. Akaachia mshale.

Batuli alipoona watu wanakimbilia korongoni naye alikimbia. Alifika, akatanua miguu juu ya mstari. Huku Mudrick alikuwa amelala akisema, "Moto, ndama wao, waambie moto." Kule Damas alikuwa amesimama akirudia, "Ananijia, jamani, si mmeona ananijia." Batuli alimwambia kila mmoja maneno ya mwenzake. Damas alikaa chini. Mudrick alisikia, akaitikia kwa kichwa, akafa. Ndama nao waliungua.

Kwa hiyo Irindi nzima ilijua kilichotokea, jioni ileile, neno kwa neno. Batuli alidhani kujua kungetosha. Uwesu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa heshima, akaenda ofisini kuwaita walinzi wake, waliokuwa wameshapewa sare na zamu. Mazengo alifanya hivyohivyo. Mara hii halikuwa tena jambo la vijana wachache. Kila mtu alikuwa ameshaandikwa upande, na aliyeandikwa aliitwa. Karani alipokuja kumwita Matonya akapigane, Batuli alimjibia mumewe kutoka kizingitini kwamba hatatoka, na akakaa hapo mlangoni na mchi mkononi mpaka karani akachoka. Lakini nyumba nyingi zilitoa watu. Vita vilikula kiangazi kizima na mvua za kwanza, na maghala yakachomwa pande zote. Waliozikwa mashariki walililiwa kwa vilio ambavyo magharibi hawakuvisikia, na wa magharibi vivyo hivyo.

Kefa, jirani yao mfuga nyuki, alikuwa mtu mtaratibu ambaye hata kuku alichinjiwa na wengine. Asubuhi moja alimjia Batuli kuaga.

"Mama, sisi wenye mizinga hatuna upande. Msitu wetu umekatwa na mstari, na hakuna anayetuuliza."

"Sasa unakwenda wapi na hilo shoka?"

"Kuulizwa," Kefa alisema.

Watu wake walivamia mnada wa mifugo siku hiyo, na wapo waliokufa. Baada ya mwezi Kefa aliitwa Dodoma. Mkataba wa pili ulisainiwa katika hoteli ileile, safari hii na pande tatu, na redio ikapiga makofi tena. Mstari wa pili ukapita msituni ukashuka sokoni, na pale sokoni wauza karanga wakaonekana wananadi bila sauti. Uwesu na Mazengo walibaki na ofisi zao. Kefa alipata ya kwake. Damas, kwa uzoefu wake, alifanywa mkuu wa walinzi wa Mazengo.

Batuli hakuweza kusimama sehemu mbili. Alikwenda kwa Mwanaidi, mjane wa Mudrick, akamkuta anapepeta mtama.

"Sokoni hakuna mtu," alimwambia. "Nataka usimame wewe."

"Mimi nina maneno yangu mwenyewe yaliyonijaa kifuani."

"Najua. Hata mimi. Utayasema ukimaliza ya watu."

Mwanaidi aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Kisha alijifunga kanga kiunoni, akaenda sokoni, akauweka mguu mmoja huku na mmoja kule. Watu walijipanga. Wa kwanza katika foleni alikuwa Damas, amevua kofia.

Walitazamana. Hakuna aliyemsogeza Damas, na Damas hakuondoka.

"Mama yangu yuko upande wa mizinga," alisema hatimaye, akiangalia chini. "Mke wangu amejifungua. Mtoto wa kike. Hatuna wa kumkanda. Mwambie aombe kibali aje."

Mwanaidi alifumba macho. Batuli alikuwa amesimama pembeni. Alidhani mwenzake atageuka aende zake, na kama angekwenda asingemlaumu.

Mwanaidi akafumbua macho, akaelekeza uso upande wa mizinga, akasema kwa sauti kavu iliyofika mpaka mwisho wa soko: "Mama Damas! Mkweo amejifungua salama. Mtoto wa kike. Njoo umkande."

Kisha akageuka.

"Mwingine," alisema.